Mikindani hadi Lindi kwa tanga: panga kurudi kabla ya kutoka

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mashua yangu imetoka kwa fundi, imepigwa kalafati upya, Lindi nitafika kwa siku ngapi?" Kufika Lindi si kazi. Ukitoka Mikindani wakati wa kusi, upepo unakusukuma na mkondo unakubeba. Hata mtu asiyejua kubisha (kwenda kwa kupindapinda kuukabili upepo) anafika. Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni atarudi vipi.

Nalisisitiza kwa sababu limenipata. Safari yangu ya kwanza nilitoka mwezi wa Julai, nikalala Sudi, na kesho yake mchana nilikuwa Lindi nimejaa furaha. Siku ya kuanza kurudi nilibisha toka asubuhi hadi alasiri, na nilipotazama nchi kavu, minazi ilikuwa ileile niliyoiona asubuhi. Nilijaribu tena siku mbili zilizofuata. Mwisho chakula kikatuishia, nikaiacha mashua Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, kwa mzee mmoja mwema, tukapanda basi kurudi Mtwara. Mashua niliifuata Desemba.

Mwongozo huu ni kwa mwenye mashua au dau dogo la tanga moja, urefu wa mita 6 hadi 8, lililokarabatiwa, na watu watatu au wanne ndani. Njia ni Mikindani, Sudi, Lindi, kiasi cha maili 35 za bahari kwenda. Mwenye hamu ya kufika hadi Kilwa atulie kwanza, aanze na hii.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mtu mmoja aliyewahi kuiendesha njia hii kwa tanga. Kwa safari ya kwanza, huyu ndiye nahodha, hata kama mashua ni yako.
- Jaketi okozi kwa kila mtu, la saizi yake, la kuvaliwa. Lililofungiwa chini ya magunia halimwokoi mtu.
- Nanga mbili, na amari (kamba ya nanga) ya kila moja isipungue pima 20. Pima moja ni kama mita 1.8.
- Makasia mawili na pondo (mti mrefu wa kusukumia chombo). Ukiwa na injini ndogo ya kupachika, vizuri, lakini makasia yasiachwe.
- Upo wa kufulia maji (kuyachota na kuyamwaga nje) na ndoo mbili zilizofungwa kamba mpinini.
- Dira, na simu mbili za mitandao tofauti, kila moja ndani ya mifuko miwili ya nailoni, pamoja na pawabenki iliyojaa.
- Tochi mbili, kioo cha kumulikia jua, filimbi.
- Bildi: kamba yenye risasi au chuma mwishoni, iliyopigwa fundo kila pima moja.
- Kifurushi cha kuzibia: pamba ya kalafati (ya kuziba nafasi kati ya mbao), mafuta ya sifa (ya samaki), patasi butu, nyundo, misumari, vipande vya mbao laini, kipande cha mpira wa tairi, na kopo la shahamu (mafuta ya mnyama).
- Tanga dogo la kubadilishia, sindano ya tanga, uzi, kamba za akiba, kisu kikali.
- Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, ukihesabu siku mbili zaidi ya ulizopanga.

Hatua ya 1: Kagua chombo kama vile hukukilipia

Rangi mpya hupumbaza. Subiri bamvua (siku maji yanapojaa na kukauka kupita kiasi), kilaze chombo mchangani maji yanapokauka, upite chini yake na patasi ndogo. Choma taratibu kila unapopata mashaka: kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), pale mbao zinapoingia fashini (nguzo za miisho) omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, na juu ya taruma (mbavu za ndani). Patasi ikizama bila nguvu, mbao hiyo imeoza au imetobolewa na wadudu wa baharini, hata kama juu inang'aa.

Sehemu inayohitaji jicho kuliko zote ni pale mbao mpya inapokutana na ya zamani. Ya zamani imekwisha kukaza, mpya bado inavimba na kunywea, na kalafati katikati yao hulegea mapema. Vuta kila uzi wa pamba unaojitokeza. Ukitoka kwa kidole, mwite fundi arudie.

Tazama misumari. Ukiona michirizi ya kutu ikishuka kwenye mbao, kuna msumari unaokufa ndani. Tazama kitako cha mlingoti, maana chombo hukarabatiwa ubavu kikaachwa na kitako kilichopasuka. Kisha foromali (mti unaobeba tanga): ikiwa imeungwa vipande viwili, fungua kamba za maungio, uzifunge upya mwenyewe.

Kabla ya kukirudisha majini, choma chini kwa makuti makavu kama wazee wanavyofanya, kisha paka shahamu na chokaa. Moto uwe wa kupita. Niliona dau likiungua ubavu kwa mtu aliyeenda kunywa chai.

Hatua ya 2: Loweka, kisha pima maji ya ngama

Chombo kilichokaa juu miezi mingi kitavuja siku ya kwanza. Mbao zimenywea. Kiache kikielea kwenye maji matulivu kwa wiki moja, ukikifua asubuhi na jioni, mpaka mbao zivimbe na kubanana.

Baada ya hapo fua ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) hadi ikauke. Kaa saa moja na saa yako mkononi, kisha fua tena ukihesabu. Kipimo changu: zaidi ya ndoo moja ya lita 20 kwa saa, chombo kikiwa kimetulia, hakitoki ghubani. Baharini mbao zinacheza na maji yataongezeka mara kadhaa.

Halafu nenda matembezi matatu ndani ya ghuba ya Mikindani: moja kwa upepo mwanana, moja kwa upepo wa alasiri wenye nguvu, na moja ya kulala nangani usiku kucha. Katika matembezi ya pili weka farumi (mawe ya kukitia chombo uzito) na mizigo yote kama ya safari. Jifunzeni kushusha tanga kwa haraka. Kila mtu aliyemo ajue henza (kamba ya kupandishia tanga) iko wapi na aweze kuilegeza gizani.

Kosa la kawaida: kufunga henza kwa fundo la kukaza. Lifunge fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Hatua ya 3: Chagua msimu kwa kuangalia kurudi

Hapa ndipo safari hufaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na Juni hadi Agosti ndiyo kali. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi. Watu wengi huishia hapo. Wanachosahau ni mkondo. Kwenye pwani yetu maji huelekea kaskazini mwaka mzima. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki katika Bahari ya Hindi hugonga pwani karibu na sisi, hapa kusini, na tawi lake moja hupanda kuelekea Mafia na Unguja. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinakwenda pamoja, na mkondo unaweza kufikia maili 4 kwa saa. Mashua ndogo inayobisha haipati hata maili 2 kwa saa za kwenda mbele. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo sababu minazi yangu ya Julai haikusogea.

Wakati wa kaskazi mkondo huo hupungua nguvu. Na kutoka Lindi kurudi Mikindani unaelekea kusini-mashariki, hivyo kaskazi inakupiga ubavuni. Huo ni upepo mzuri wa kurudia nyumbani.

Kwa hiyo, kwa safari ya kwanza nashauri hivi: toka mwishoni mwa Oktoba au Novemba mwanzoni, demani (majira ya upepo mwanana mwishoni mwa kusi) inapoisha na kusi imelegea, matlai ikianza kuvuma mwanana kutoka mashariki. Kaa Lindi, tembea, tengeneza kilicholegea, kisha rudi kaskazi ikianza kushika. Ukitoka Oktoba unaweza hata kubahatika kuona nyangumi na watoto wao kabla hawajaondoka. Waachie nafasi, mama mwenye mtoto hakwepi mashua.

Kuna watakaokuambia uende Aprili, upepo ukiwa tanga mbili (ukibadilika kati ya misimu). Mimi sikubali. Lindi ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilishuka kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na sisi, na Mei 2024 Hidaya ikafika pwani yetu upande wa Mafia. Machi hadi Mei mashua ndogo ikae ndani.

Hatua ya 4: Linganisha siku na maji

Tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu siku za bamvua inazidi mita 3. Hili si jambo la kukisia.

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata muda unasogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa maji mafu (siku ambazo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo) mambo hugeuka: asubuhi saa 4 ndipo yamejaa. Thibitisha kwa jedwali la maji la mwaka huo.

Sasa tazama faida ya bamvua kwa mwenye kwenda Sudi. Saa 11 alfajiri maji yanatoka ghubani, yanakutoa bila kubisha. Saa 4 hadi 5 uko mbele ya mlango wa Sudi: miamba imejitokeza unaiona, maji yanaanza kujaa, na jua la asubuhi liko mgongoni. Ukigusa fungu (kilima cha mchanga ndani ya maji), maji yanayojaa yatakunyanyua. Ukigusa maji yanapokupwa, utakaa hapo hadi jioni ukiwa umelala ubavu.

Maji hujaa kwa kama saa 6. Saa ya kwanza na ya mwisho ni za polepole. Saa ya 3 na ya 4 peke yake hubeba nusu ya maji yote, na hapo mkondo wa mlangoni huwa mkali. Usiingie mlango mwembamba katika saa hizo mbili.

Hatua ya 5: Taarifa na makaratasi

Kwa kifupi: chombo kikaguliwe na kisajiliwe kama TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) wanavyotaka, vitambulisho viwe mkononi, na ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) ya unapotoka na unapofikia wajue majina ya watu na siku ya kurudi. Mwachie ndugu mmoja wa nchi kavu ratiba hiyo kwa maandishi, na saa ambayo usipopiga simu aanze kuulizia.

Usielekee kusini kwenye mto Ruvuma kwenda "kutazama tu". Huko ni mpakani, kuna doria, na upande wa pili, Cabo Delgado ya Msumbiji haijatulia tangu 2017. Ukitaka Msimbati, kumbuka ni eneo la hifadhi ya bahari: omba ruhusa, ulipe ada.

Hatua ya 6: Hali ya hewa, siku tatu mfululizo

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku ya tatu, ya pili na ya mwisho kabla ya kutoka. Tafuta maneno mawili: kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Kwa mashua ya mita 7, mawimbi yakitajwa kufikia mita 2 mimi sitoki. Kisha nenda pwani alfajiri uwaulize wavuvi wanaorudi. Wao wametoka huko sasa hivi.

Hatua ya 7: Pakia

Vizito chini na katikati. Farumi ifungwe au iwekwe kwenye viroba vilivyobanwa na mbao, maana jiwe linalotembea ngamani hutoboa chombo. Maji yagawe kwenye madumu madogo mengi. Jiko la mkaa likae ndani ya debe lenye mchanga, na usiwashe tanga likiwa juu. Chukua vinavyoliwa bila moto: maandazi, mihogo ya kuchemsha, korosho, ndizi, na tangawizi ya kutafuna kwa mwenye kichefuchefu.

Hatua ya 8: Kutoka Mikindani

Toka kabla ya jua. Alfajiri kuna umande, upepo mdogo wa kutoka nchi kavu, unaotosha kukutoa. Kaa pembeni mwa njia ya meli. Meli ziendazo bandari ya Mtwara haziwezi kukukwepa, na msimu wa korosho huwa nyingi.

Ukishapita miamba, usiikumbatie pwani. Kaa umbali unaoweza kuona nyumba lakini usisikie mawimbi yakivunjika. Kila nusu saa mtu mmoja aandike kwenye daftari: saa, unachokiona nchi kavu, upepo, na maji ya ngama.

Upepo wa tezi, wa kutoka nyuma, unadanganya. Unapokwenda nao huusikii usoni, mashua inateleza, kila mtu anaimba. Geuka kidogo kila baada ya muda uuelekee, utajua nguvu yake. Ukiona vilele vya mawimbi vyeupe kila mahali, shusha tanga kubwa uweke dogo kabla hujalazimika. Na usukani usilegezwe hata kidogo: tanga likishika upepo kwa nyuma, foromali na mlingoti vyaweza kwenda pamoja.

Hatua ya 9: Kuingia Sudi

Kutoka Mikindani ni kama maili 15. Mbele ya mlango punguza mwendo, weka mtu omo amesimama, mwingine na bildi. Maji ya bluu iliyokoza ni kina. Kijani kibichi ni pima chache juu ya mchanga. Rangi ya kahawia ni mwamba au majani, usiyakanyage. Haya yote yanaonekana jua likiwa nyuma yako. Ukifika alasiri jua linakumulika usoni, na mwamba na kivuli cha wingu huwa kitu kimoja.

Ukitia nanga kwenye pima 2 maji yakiwa yamekauka, usiku utakuwa juu ya karibu pima 4. Toa amari mara tano ya kina cha maji yaliyojaa. Wengi huburuzwa usiku kwa sababu walipima mchana.

Ukishuka, nenda kwa wenyeji kwanza. Piga hodi, jitambulishe, uliza wapi chombo hukaa salama. Wazee wa pale wanaijua ghuba yao kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 10: Sudi hadi Lindi

Ni kama maili 20. Utaratibu ni uleule, na onyo moja. Anza kuikaribia pwani mapema kabla ya ghuba ya Lindi, kwa sababu mkondo utakupeleka kaskazini huku ukidhani unaenda moja kwa moja. Tazama alama mbili za nchi kavu, moja mbele ya nyingine. Zikiachana, unasukumwa.

Ukiupita mlango, usipigane. Endelea hadi Mchinga, kama maili 15 mbele, ulale huko, kesho utafakari. Watu wameharibu vyombo kwa kuona aibu ya kupitiliza.

Ndani ya ghuba maji ya Mto Lukuledi huleta tope, hivyo rangi za maji hazisaidii tena. Tegemea bildi. Angalia pia kivuko cha Kitunda kinachokatiza.

Hatua ya 11: Kurudi

Wazee wanasema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi kabla ya kutoka Lindi rudi ngamani kwa kweli: fua, kausha, kagua kalafati yote kama hatua ya 1. Safari ya kwenda ndiyo iliyoilegeza.

Panga siku tatu za kurudi, siyo mbili. Toka na umande, na kaskazi ikichangamka asubuhi uwe tayari uko nje, tanga limekazwa ubavuni. Ikiwa hadi saa 6 mchana hujafika nusu ya njia ya Sudi, geuka urudi Lindi. Amua saa hiyo mkiwa bado nchi kavu, mkiwa wote mnasikilizana.

Na kama kaskazi haijashika, iache mashua Lindi. Mlipe mlinzi, mwachie namba yako, panda basi.

Mambo yakiharibika

*Maji yameongezeka ghafla.* Shusha tanga kwanza, mbao zisicheze sana. Mmoja afue, mwingine atafute. Ukipata upenyo, bana pamba yenye shahamu kwa patasi butu, weka kipande cha mpira juu, kisha mbao kwa misumari mifupi. Kama upenyo uko ubavu mmoja, sogeza mizigo upande wa pili uutoe majini.

*Upepo umekata.* Usikae ukisubiri, mkondo hausubiri. Kama nanga inafika chini, itie. Kama haifiki, shikeni makasia kuelekea nchi kavu kwa zamu za dakika 20.

*Umepanda fungu maji yakikupwa.* Shuka, peleka nanga mbali upande wa kina, kaza amari. Weka viroba au magunia chini ya ubavu utakaolalia ili mbao zisivunjike. Subirini.

*Foromali imevunjika.* Ikate fupi, funga tanga dogo au hata turubai. Nenda na upepo hadi bandari iliyo mbele, siyo uliyotoka.

*Mtu ameanguka majini.* Mmoja amwonyeshe kwa kidole bila kuondoa macho, hata kwa sekunde. Tupa dumu tupu lenye kamba. Shusha tanga, rudini kwa makasia. Mvuteni kupitia ubavu, karibu na katikati, siyo tezini.

*Giza limewakuta nje.* Msijaribu mlango msioujua. Kaeni mbali na miamba, tanga dogo, elekeeni baharini kidogo, wawili macho na wawili usingizini, jaketi zikiwa mwilini. Hesabuni mkondo: hadi asubuhi mtakuwa mmesogea maili nyingi kaskazini, kwa hiyo kukipambazuka msitafute mlango wa Sudi pale mlipouacha.